Mwalimu na Betri Zilizochoka

Mtu anayewasha taa saa saba mchana, jua la Itigi likiwa utosini, ama ana wazimu ama ana sababu. Mimi niliamua kwamba ana wazimu. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwake kuomba kujiunga na kwaya, na pale dirishani nikakuta betri mpya kabisa, ile ndogo ya volti tisa yenye vichwa viwili juu, imefungwa kwa waya kwenye kibalbu cha indiketa ya pikipiki. Kibalbu kinawaka. Hakimuliki kitu. Mwalimu amekaa pembeni yake, kavaa koti, anaangalia saa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usisimame hapo, unanizibia."

"Betri yako inaisha, Mwalimu."

"Ndiyo kazi iliyoiweka hapo."

Nyumbani kwetu betri za redio zikichoka mama alikuwa anazianika juu ya bati, zikishika joto anazirudisha, tunapata taarifa ya habari siku tatu nyingine. Kila nyumba ilifanya hivyo. Betri ilikuwa kitu cha kubembelezwa. Niliporudi nikamweleza mama nilichokiona, aliweka ungo chini.

"Betri mpya?"

"Mpya, mama. Karatasi yake ilikuwa bado iko mezani."

"Usirudi kule," akasema. Nilirudi kesho yake, na nikaendelea kurudi kwa miaka sita.

Alikuwa mwalimu wa kwaya, si wa darasani, ila hakuna mtu Itigi aliyemwita kwa jina lingine. Hata wafanyabiashara wa Kiislamu pale sokoni, ambao kanisani hawaingii, walimwita Mwalimu. Alitunga nyimbo, alifundisha sauti zote nne, na ibada ikifika alikaa pembeni karibu na spika na kupiga gitaa la solo. Sauti ya gitaa lile ilikuwa inawatoa watu majumbani. Sijui niielezeje. Haikuwa kali kama magitaa ya kwaya nyingine, ambayo yanachoma masikio. Ilikuwa nene, ina mkwaruzo kidogo, na kila noti ilichelewa kufunguka, ikaja ikivimba taratibu, ikakaa, ikazimika bila kukatika. Kwaya za Manyoni zilikuwa zinatuma watu waje kuchungulia anatumia nini. Wanachungulia, wanakuta gitaa la kawaida lililobanduka rangi, waya uliofungwa gundi ya karatasi, na kile kiboksi cha chuma cha kubadili sauti, cha kukanyaga kwa mguu, tunachokiita pedali. Wanakwenda kununua pedali kama ile ile. Wanarudi wamenuna.

Walichokosa kilikuwa ndani ya kiboksi. Alinionyesha mwaka wangu wa tatu, na siku ile niliona aibu kwa yote niliyokuwa nimesema juu ya wazimu wake. Alinipa gitaa, akaniambia nipige mstari mmoja tu, mfupi, na nisiubadilishe. Kwanza akatia betri mpya. Sauti ikatoka ngumu na ya haraka, noti niliyoigonga kwa nguvu ikapiga kelele na niliyoigusa tu ikanong'ona. Halafu akafunga betri mbili pamoja kwenye pedali nyingine, aliyokuwa amehakikisha inazistahimili, zikawa volti kumi na nane. Sauti ikawa pana, safi, unasikia hadi kucha ikikwangua waya. Mwisho akarudi kwenye ile ya kwanza, akatia betri iliyochoshwa na kile kibalbu cha dirishani, iliyoandikwa 7.6 kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi.

Nilipiga ule ule mstari. Gitaa likawa lake.

Niliangalia vidole vyangu kama vya mtu mwingine. "Mwalimu! Ni mimi huyu?"

"Ni betri," akasema. "Ikiwa imeshiba, inakuachia upande unavyotaka na ushuke unavyotaka. Ikichoka, haiwezi kunyanyua kichwa. Ukigonga kwa nguvu, ukigusa kidogo, zote zinafika pale pale. Inazisawazisha."

Nilifikiri ananifundisha uzuri. Kumbe alikuwa ameniambia siri yake yote, mimi nikaishia kushangaa.

Na alikuwa anazisikia hizo volti. Hili watu hawakuliamini mpaka walipoliona. Fundi redio wa pale stesheni alikuwa na mita, akasema mzee anaigiza tu. Basi siku moja wakamgeuza uso ukutani, fundi akawa anabadilisha betri na mimi napiga. Mwalimu akataja, "Nane na nusu." Mita ikasema nane na nusu. "Saba na kidogo." Saba na kidogo. Ya tatu akasema, "Hii imelala na mtoto." Fundi akacheka, akasema sasa mzee ameshindwa. Kumbe betri ile fundi alikuwa ameitoa kwenye kigari cha kuchezea cha mwanawe asubuhi ile. Fundi aliitazama mita, akamtazama Mwalimu, akakusanya vitu vyake na kuondoka bila kuaga. Mimi mwenyewe sikulala vizuri siku hiyo. Sijui hadi leo alijuaje, na nilipomuuliza alinijibu kwamba niache maswali ya kishirikina.

Usidhani alikuwa mpole. Mwenyekiti wetu wa kwaya, mtu mkubwa mwenye moyo mzuri na akili ya haraka kupita kiasi, aliamini kama wengi kwamba volti zikizidi na sauti inazidi. Siku ya mahafali akachomoa betri ya pikipiki yake, volti kumi na mbili na ushee, akaifunga kwenye pedali ya mwangwi. Kikatoka kimoshi chembamba, halafu harufu, halafu basi. Mwalimu aliinama, akainusa ile pedali, akasema mbele ya kwaya nzima, "Umemlisha mtoto mchanga ugali wa wachunga ng'ombe." Hakumsemesha mwenyekiti kwa wiki tatu. Wiki ya nne akampelekea dumu la asali.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hayakukaa pamoja. Alikuwa mkali wa desturi kuliko wachungaji. Mwanakwaya asiyemwamkia mtu mzima alirudishwa nyumbani, na mwenye kutafuna bazoka alitolewa nje. Lakini ni yeye aliyenipa mimi gitaa, msichana, wakati wazee wa kanisa wanasema sketi na gitaa haviendani. Alipoitwa kwenye kikao kujieleza alisema, "Nilisikiliza nikiwa nimefumba macho," akakaa. Kikao kikaisha hapo.

Halafu ule ukali wake wa desturi ulikuwa na tundu moja kubwa. Yeye mwenyewe hakuwapa watu mkono. Ukimwamkia anaitikia vizuri, anauliza habari za wazazi, za mifugo, za alizeti, na mkono wa kulia umebaki kwenye mfuko wa lile koti, jua likiwa kali namna gani. Sisi kwetu mtu asiyekupa mkono amekutukana. Wengi walisema anajidai. Mimi niliwatetea wasanii wote duniani kwa sababu yake, nikisema wana mambo yao.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni uongo, hata ule mdogo wa adabu. Ukimwambia "Nilikuwa naumwa" na ulikuwa shambani, anakuambia, "Sema ulikuwa shambani, kisha tuimbe." Baada ya mazoezi alikuwa anatuuliza mmoja mmoja tumesikia kosa gani. Ukisema hakuna, unaulizwa tena. Watu walijifunza kusema makosa yao wenyewe hadharani bila kutetemeka, na nadhani ndiyo maana kwaya ile iliimba vizuri. Mimi nilikuwa namwogopa kwa hilo na nampenda kwa hilo hilo.

Na zile namba. Betri zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja na karatasi yake. Nilipoanza ziliandikwa 8.4. Mwaka uliofuata 8 kasoro. Siku aliyonionyesha ile tofauti ilikuwa 7.6. Mwaka wangu wa sita ziliandikwa 6.9, na kibalbu dirishani kilikuwa kinawaka mchana kutwa. Niliona, nikadhani ladha yake inabadilika, kama mtu anayepunguza sukari kwenye chai. Nikiwaza leo najiuliza nilikuwa na macho ya nini.

Mwaka huo wa sita tukaenda Singida mjini kurekodi. Kwaya ilikuwa haijawahi kurekodi, na wimbo wa kwanza kwenye orodha ulikuwa wake mwenyewe, wenye gitaa refu katikati. Watu wa Itigi walikuwa wameusubiri kwa miaka. Tulipitia Manyoni kwa basi, tukagawanywa kwenye nyumba za wenyeji. Mwalimu na mimi na akina mama wawili tulifikia kwa mama mmoja wa Kiislamu, mwenye duka la kanga na vitenge, rafiki yake wa siku nyingi. Alitupokea kama ndugu. Alituandalia chai ya maziwa na chapati, akatutandikia vitanda, na alipoona kopo la betri kwenye mizigo ya Mwalimu, huruma ikamshika.

Kesho yake asubuhi, wakati sisi tuko kwenye mazoezi uani kwa kanisa, alizimwaga betri zote kumi na moja na kuzipanga juu ya bati la banda la kuku. Jua la Singida mnalijua. Tuliporudi saa sita kuchukua vyombo alitupeleka nyuma ya nyumba, anatabasamu.

"Mwalimu, nimekuanikia betri zako. Nilizijaribu kwa ulimi, masikini, zilikuwa zimekufa kabisa. Mgeni wangu hataaibika mjini kwangu."

Zilikuwa zimevimba. Nyingine zimetoa maji meupe yenye uchungu, karatasi zimebabuka, namba hazisomeki. Mwalimu aliokota moja, akaigeuza, akairudisha juu ya bati. Halafu akasema, "Ahsante sana, dada yangu. Mungu akubariki kwa kunifikiria." Akaingia ndani kuvaa koti. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akisema neno lisilo kweli, na hata lile, nikilifikiria, lilikuwa kweli.

Studioni fundi mitambo, kijana mchangamfu, alisema betri za nini, akachomeka adapta ukutani. Volti tisa kamili, haziyumbi. Mwalimu aliomba apewe siku mbili achoshe betri nyingine. Fundi akasema nafasi ni ya leo, kesho kuna watu wengine. Mwenyekiti naye akasihi. Ndani tulikuwa wanne tu, yeye Mwalimu, mwenyekiti, fundi na mimi. Wengine walikuwa nje wanasubiri zamu ya kuimba.

Akaanza kupiga. Mungu wangu. Kile kiboksi kikiwa kimeshiba umeme kilitoa kila kitu kama kilivyokuwa, na kilivyokuwa ni kwamba mkono wa kulia wa Mwalimu ulikuwa haufanyi kazi. Noti moja inapiga kelele, ya pili haisikiki, ya tatu inagongwa mara mbili kwa sababu vidole vinatetemeka. Kwa miaka yote ile betri dhaifu ndiyo iliyokuwa inasawazisha, na kadiri mkono ulivyozidi kufa ndivyo alivyozishusha betri. Mkono wa mfukoni. Namba kwenye kopo. Vyote vilinijia kwa mkupuo mmoja na nikashindwa kumtazama.

Alirudia mara nne. Mara ya tano akaweka gitaa chini, akasema anakwenda nje kunywa maji.

Fundi akageuka kwangu. "Dada, wewe unaujua huu wimbo?"

"Anaujua," mwenyekiti akasema. "Piga wewe, haraka, kabla hajarudi. Tutamwambia tumeitumia ile yake ya mwisho. Unataka tumuaibishe mzee?"

Nilipiga. Nilipiga kama yeye, kila mahali alipokuwa anachelewesha nilichelewesha. Mara moja tu, ikatoka safi. Mwenyekiti alikuwa anafuta machozi. Mlango ukafunguliwa, Mwalimu akasimama pale, akaniuliza mimi, si wao.

"Mmepata?"

"Tumepata, Mwalimu," nikasema. "Ile yako ya mwisho ilikuwa nzuri."

Alinitazama. "Vizuri," akasema.

Wimbo ule ulipigwa redioni hadi watu wakaukariri. Kila nilipousikia nilihama chumba. Mwalimu aliendelea na kwaya miezi michache, akifundisha sauti tu, kisha akaaga kwamba anakwenda kufuga nyuki kwa mkewe, kijijini ndani ya vichaka vya Itigi. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mimi nikaolewa Singida mjini, nikafungua duka la vyombo vya muziki, na vijana wakawa wanakuja kuniuliza pedali gani inatoa sauti ya ile rekodi. Nikawa nawaambia sijui. Miaka minane nilikuwa na lile neno kifuani. Nilitaka kumwambia na niliogopa, kwa sababu kama hakujua nitamuua, na kama alijua amenichukia.

Mwaka jana nikaenda. Nilishuka Itigi, nikachukua bodaboda, na njiani dereva, kijana ambaye wakati wa rekodi lazima alikuwa bado anakojoa kitandani, akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia.

"Ahaa," akasema bila hata kugeuka. "Basi wewe ndiye yule dada uliyempigia Mwalimu gitaa kwenye ule wimbo?"

Nusura nianguke. Nilimwambia asimamishe pikipiki. Nilishuka, nikakaa kwenye mchanga kando ya njia, nikamuuliza nani kamwambia.

"Mwenyewe. Huku wote tunajua. Mtu akimsifia anasema si mimi, ni binti yangu, yuko Singida. Dada, unaumwa?"

Nilimkuta uani kwake, anachuja asali, koti hana. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, umesinyaa, na hakuuficha. Mkewe alikuwa anapepeta mtama. Nilipiga magoti, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, "Marahaba, binti yangu," na kabla hajaniuliza habari za nyumbani maneno yakanitoka.

"Mwalimu, ulijua lini?"

"Mara ya kwanza iliposikika redioni, noti ya kwanza." Hakuacha kuchuja. "Gitaa lile halikuchoka mahali popote. Ile ni adapta. Na kwenye adapta mimi sina mkono wa kupiga vile, ulinisikia. Pale ndani aliyeweza alikuwa mmoja tu."

"Na hukusema kitu. Miaka yote hii."

"Nilisema. Kupiga ni kwako, nimewaambia watu wote, usije ukadhulumiwa. Uongo nao ni wako. Huo sijamwambia mtu. Nimekuachia uulete mwenyewe."

Mkewe aliacha kupepeta. Nikasema yote, kwa sauti, ili na mkewe asikie: kwamba aliniuliza mimi pale mlangoni, na mimi nikamtazama usoni nikamdanganya, na kwamba nilimuonea huruma mtu ambaye hajawahi kutuonea huruma ya namna hiyo hata siku moja. Nikamwomba anisamehe.

"Nimekusamehe siku nyingi. Nilikuwa nasubiri uje uchukue." Akafuta kidole chenye asali kwenye kitambaa. "Sasa kuna moja. Siku ile mwenyekiti aliniambia umeme ulikuwa mbaya. Fundi akasema waya una kasoro. Hakuna aliyeniambia kweli nilipigaje. Wewe ulikuwepo. Nilipigaje?"

Nilimtazama mkewe. Mkewe akatazama chini.

"Ulipiga vibaya, Mwalimu," nikasema. "Ile mara ya tano, kwenye mstari wa katikati, noti mbili hazikutoka kabisa."

Akafumba macho, akakaa hivyo, kama anausikiliza upya mstari wote.

"Zilikuwa tatu," akasema. "Mjini wamekuharibu masikio."